Presha na Mluzi wa Kunyweshea Ng'ombe

Mara ya pili waliponirudisha bila kunipasua, gauni la upasuaji nililivua mwenyewe. Mara ya kwanza nesi alinisaidia, kwa sababu kamba zake hufungwa mgongoni na mimi nilikuwa nikipapasa tu. Safari hii vidole vilishaijua njia. Nikalikunja, nikaliweka juu ya kiti, nikavaa shati langu na kutoka nje kwenye benchi alikokaa mke wangu.

"Imepanda tena?" akauliza.

"Mia na themanini na nne, kwa mia na nne."

Alinifunga kifungo cha shati nilichokuwa nimekiruka.

Ninaandika haya kwa mtu ambaye leo amekaa kwenye benchi kama lile. Mimi si daktari, sitaeleza presha inatoka wapi. Nitaeleza nilivyoishi nayo mwaka ule, kwa utaratibu, ili ukikuta mahali panapokufaa upachukue.

Nina miaka hamsini na sita. Kazi yangu ni kuendesha mashine ya kukoboa mpunga Ubaruku, na nimeifanya zaidi ya miaka ishirini. Wazazi wangu walihamia bonde la Usangu kutoka Usukumani wakiwa na ng'ombe wao, kwa hiyo utoto wangu wote ulikuwa wa kuchunga. Mke wangu ni Mhehe wa Idodi. Mtoto wetu mkubwa, Milembe, ameolewa na anaishi Ilomba, pale Mbeya mjini, na kwake ndiko tulikokuwa tukifikia kila safari ya hospitali.

Jicho langu la kushoto lilizima zamani. Ganda la mpunga liliruka likaingia, nikalifikicha, nikaendelea na kazi. Nilipokwenda kutibiwa, kidonda kilikuwa kimeshaharibu kila kitu. La kulia likaja kushikwa na mtoto wa jicho. Lilianza kama moshi mwembamba, baadaye kama kutazama kupitia mfuko wa nailoni. Mchele nikawa naujua kwa kuusugua kiganjani: hapa chenga nyingi, hapa punje nzima. Rangi sikuiona tena.

Daktari wa macho alisema upasuaji wake ni mfupi na wengi huona kesho yake. Tatizo ni presha. Ikiwa juu kiasi kile, damu inaweza kuvuja ndani ya jicho wakati wanalifanyia kazi.

"Ungekuwa na mawili, mzee, ningekwambia tuzungumze," alisema. "Unalo moja. Siligusi mpaka presha itulie."

Basi hilo ndilo lililokuwa mbele yangu. Ikishuka, nitaona. Isiposhuka, moshi ule utafunga kabisa, na nitamaliza siku zangu nikishikwa mkono kwenda chooni.

Kosa la kwanza nilikuwa nimeshalikiri mbele ya daktari. Vidonge nilipewa miaka mitatu nyuma, nami nilivimeza siku kichwa kinapouma tu. Kichwa kikipona, naviweka. Daktari wa presha akasema, "Hii si dawa ya kichwa, mzee. Ni ya kila siku, hata siku unayojisikia kama kijana." Tangu siku ile sijaruka hata kimoja. Nyumbani namba zikashuka kidogo. Lakini nikiingia hospitalini, nikifungwa kile kitambaa cha kupimia mkononi, zinaruka kama ng'ombe aliyeona fisi. Ndivyo ilivyokuwa mara ya pili, ingawa vidonge nilikuwa nimemeza vyote.

Tulirudi Ubaruku wakati watu wanafukuza ndege mashambani. Mpunga ulikuwa umeanza kuinama. Mwenye mashine aliniambia nipumzike hadi mavuno, naye alisema kwa upole mno, nikajua ameshaongea na mke wangu.

Nyumba ikawa ya kunong'ona. Wenye presha wenzangu mtalijua hili. Watu wanaokupenda huamua kwamba usisikie lolote. Simu ikilia, mke wangu anatoka nayo nje. Jirani akija na habari, anapokewa mlangoni na kurudishwa hapo hapo. Redio ikianza taarifa ya ajali, inazimwa. Chumvi ilitoweka, hilo sikulalamika. Lakini maneno nayo yalitoweka, na mtu asiyeona akinyimwa maneno anabaki na nini? Nilikuwa nakaa barazani nikisikiliza minong'ono, nikijiuliza nani kafa.

Kumbe aliyekufa alikuwa Sultani, dume letu la kulimia. Nilijua mwenyewe. Jioni moja ng'ombe walipokuwa wakirudi, nilisikia kengele nne. Zinatakiwa kuwa tano, na ile nzito ya Sultani haikuwemo. Siku ya pili nne. Siku ya tatu nikamwita mke wangu.

"Mama Milembe, Sultani yuko wapi?"

"Yupo. Yuko huko nyuma."

"Huko nyuma wapi? Siku tatu yuko nyuma?"

Akakaa kando yangu. Halafu akasema, "Alikufa juzi. Tuliogopa presha yako."

"Na mimi kwa minong'ono yenu nimekaa siku tatu nikidhani amekufa mjukuu."

Nilikasirika kweli. Yeye naye alikasirika, akaniambia mimi ni mzigo mzito kuubeba kwa sababu sina mahali pa kushikia: nikiambiwa napanda, nisipoambiwa napanda. Alisema kweli. Tulikaa siku mbili tukisalimiana kama wapangaji. Mwisho tukakubaliana hivi: habari yoyote, njema au mbaya, niambiwe, ila niwe nimekaa na nimeshakunywa chai. Mpango huo tunao hadi leo, nao umetusaidia kuliko kuacha chumvi.

Baada ya hapo ndipo dada wa mke wangu alipopiga simu kutoka Iringa. Naye ana presha. Alisema hospitali moja ya kanisa kule ina nesi anayefundisha watu kutulia kwa kutumia mashine.

"Mashine ya kutuliza?" mke wangu akauliza.

"Haikutulizi. Inakuonyesha ulivyo. Kutulia unatulia mwenyewe."

Nilicheka. Maisha yangu yote nimeshinda na mashine, na hakuna hata moja iliyowahi kunionyesha nilivyo, isipokuwa kwa kunikata kidole. Lakini sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Nikaenda Iringa mwezi wa sita, baridi ile ambayo maji ya kunawa asubuhi yanauma mifupa. Nilikaa kwa shemeji yangu Jumanne sita. Kila Jumanne ilikuwa darasa moja.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo: kiti chenye mikono, meza, kompyuta ya kukunja, na dirisha lililofungwa kwa ajili ya baridi. Nje, kwenye korido, tulikuwa tunasubiri sisi wanne au watano, kila mtu na koti lake. Palikuwa na mama mmoja muuza maharage aliyekuwa akisali rozari. Alisema rozari nayo inashusha, ila akifika matendo ya uchungu inapanda tena. Tulimcheka mpaka mlango ukafunguliwa tukaambiwa tunyamaze, kwa sababu ndani mtu anatulia.

Nesi alikuwa Mnyakyusa, jina lake Atupele, mama wa makamo mwenye sauti ya mtu asiye na haraka. Alinifunga mkanda wa kuvutika tumboni, akanibana kidole kwa kitu kama kibanio cha nguo, akanieleza. Mkanda unasoma pumzi na kuichora kama mstari kwenye kioo cha kompyuta, ukipanda na kushuka kama vilima. Kibanio kinasoma mapigo ya moyo na joto la kidole. Mtu akiwa na hofu, damu hukimbia vidoleni na mikono hupoa. Akitulia, damu hurudi, mikono hupata moto. Akaniambia pia, kabla ya lolote: "Hii si badala ya vidonge, baba. Ukiacha vidonge kwa sababu yangu, nitakufukuza darasani."

"Lakini sioni kioo," nikamwambia.

"Basi utasikia."

Akawasha sauti. Ilikuwa mlio mmoja mrefu, mwembamba, kama mbu mkubwa. Nikitulia, mlio utashuka na kuwa mnene. Kazi yangu ni kuushusha.

Nikafurahi, nawaambia ukweli. Nikasema moyoni, hapa wamempata mwenyewe. Mashine ya kukoboa naiendesha kwa sikio. Ikizidiwa na mpunga, sauti inakuwa nzito. Ikikosa, inalia kwa juu. Pumba zikiziba, inakohoa. Nikasogeza sikio, nikakaza akili yote kwenye ule mlio nikiusukuma chini.

Ukapanda.

Nikakaza zaidi. Ukapanda zaidi. Nesi Atupele akasema taratibu, "Msukuma, umekuja kushindana na kompyuta?"

Darasa la pili likawa hivyo hivyo. Darasa la tatu mikono yangu ilikuwa ya baridi kuliko nilipotoka nje kwenye ukungu. Presha aliyonipima mwisho wa darasa ilikuwa mia na sabini na sita. Niliporudi kwa shemeji nilimwambia mke wangu kwa simu kwamba nataka kurudi nyumbani, labda Mungu amepanga hivi. Akaniuliza, "Umekaa? Umekunywa chai?" Nikasema ndiyo. "Basi sikiliza habari mbaya: hurudi."

Jumanne ya nne nesi hakuwasha ule mlio. Alikaa mbele yangu akaniuliza, "Kazini kwako unafanyaje? Nionyeshe. Chukulia kiti hiki ndiyo mashine."

Nikasimama, mkanda ukiwa bado tumboni. Nikamwonyesha: hapa juu mpunga unaingia, hapa mchele unatoka, huku nyuma ndiko zinakotoka pumba. Ninasikiliza. Sauti ikibadilika ninainama, ninafungua mlango wa pumba kuangalia kama pameziba. Vumbi linatoka wingu zima, kwa hiyo...

"Simama hapo hapo," akasema. "Usiongee. Hapo unafanya nini?"

"Sifanyi kitu. Nasikiliza."

"Hupumui, baba."

"Napumua."

"Mstari umelala. Tangu useme 'ninasikiliza' hujapumua. Sasa ndiyo unavuta."

Alinishika mkono akauweka tumboni kwangu, juu ya mkanda. Akasema nirudie. Nikainama kwenye kiti kile, nikasikiliza mashine isiyokuwepo, na kweli chini ya kiganja changu mwenyewe tumbo likasimama kama jiwe.

Nilikaa chini. Wote tunaofanya kazi mashineni tunabana pumzi mlango wa pumba unapofunguliwa. Hakuna aliyetufundisha, ukivuta vumbi lile mara moja utakohoa hadi jioni, na siku ya pili mwili unajua. Mimi kwa miaka ishirini nilikuwa nimeunganisha vitu viwili: kusikiliza kwa makini na kuacha kupumua. Daktari akisema "tulia nikupime", ninasikiliza pampu ya kile kitambaa, na pumzi inafungwa. Mke wangu akinong'ona barazani, nasikiliza, pumzi inafungwa. Mashine ya nesi ikilia, vivyo hivyo. Nesi alisema kwamba si hilo tu linalopandisha presha, nisije nikalitupia kila kitu, lakini hilo tunaweza kulishika.

"Sasa utoe pumzi ndefu," akasema. "Ndefu kuliko unavyovuta. Vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa sita, polepole."

Ukisikia hivyo unaona ni rahisi. Mimi nilihesabu, na kwa kuhesabu nikawa nasikiliza hesabu, na pumzi ikafungwa tena. Nikajaribu mpaka nikatoka jasho. Mwisho nikamwambia, "Nesi, mimi pumzi ndefu sijawahi kutoa tangu nikiwa mchungaji."

"Mchungaji ulikuwa unafanyaje?"

"Nanywesha ng'ombe."

Hapo ilibidi nimweleze, maana kwao Tukuyu ng'ombe anafungwa nyumbani na kuletewa majani ya migomba. Sisi tuliochunga Usangu, ng'ombe wakifika majini huwaharakishi. Unasimama kando, unapiga mluzi wa chini, mrefu, usio na wimbo, unaopungua hadi unakwisha wenyewe. Halafu mwingine. Ng'ombe akiusikia anajua hakuna hatari, anainamisha kichwa na kunywa hadi ashibe. Ukipiga mfupi wa haraka, anainua kichwa na kuondoka na kiu.

"Nipigie," akasema.

"Humu hospitalini?"

"Kwani ng'ombe wako wanasubiri wapi?"

Nikapiga. Kwanza kwa aibu, midomo mikavu. Kisha nikafumba jicho. Niliona maji ya mfereji, kwato kwenye matope, Sultani mdogo bado ndama. Sikuwa nasikiliza kitu. Mluzi ukaisha, nikavuta hewa bila kuambiwa, nikapiga mwingine. Mtu hawezi kupiga mluzi huku amebana pumzi. Jaribu uone.

Baada ya muda nikasikia nesi amewasha ule mlio, kidogo sana, kwa mbali. Ulikuwa unashuka. Ulishuka kinyume cha sauti ya dumu linalojaa maji, ambayo hupanda, ukawa mnene, ukabaki chini. Vidole vyangu vikaanza kuwasha kwa joto.

"Naona ng'ombe wamekunywa," akasema.

Jumanne ya tano alinifundisha kuufanya mluzi bila sauti, hewa tu kupitia midomo iliyobana kidogo, nipate kuutumia mahali popote. Ya sita alinipima: mia na hamsini na mbili. Akaniambia niende nyumbani nikafanye asubuhi dakika kumi, jioni dakika kumi, na nisipime kila saa, maana kuna watu wanaotafuta presha mpaka wanaipata.

Nyumbani kulikuwa na kazi nyingine. Jioni ya kwanza nilikaa sebuleni nikaanza.

"Toka nje!" mke wangu akasema. "Mluzi ndani ya nyumba, unaita nyoka?"

"Ni dawa."

"Dawa ya kuita nyoka. Nenda kafanyie zizini."

Nikaenda zizini kila siku, asubuhi na jioni, na nadhani hilo lilinifaa, kwa sababu kule hakuna mtu anayekuangalia kama unapona. Milembe alituletea kipimo kidogo cha mkononi na daftari. Mke wangu ndiye aliyekuwa akisoma na kuandika, mimi wakati ule nikiwa bado sioni. Zipo siku zilizopanda. Siku mvua isiyo ya msimu ilipoharibu mpunga uliokuwa umeanikwa, ilipanda. Niliambiwa nikiwa nimekaa, baada ya chai, na bado ikapanda. Tuliandika vilevile. Usifute namba mbaya kwenye daftari lako, ndugu yangu. Daktari alipoliona daftari, siku ile mbaya na siku tatu zilizofuata zikishuka ndizo zilizompa imani. Kidonge akaniongezea kimoja kidogo, sikuona ni kushindwa.

Mavuno yakaisha, magunia yakajaa mashineni, nikarudi Mbeya mara ya tatu. Benchi lile lile, gauni lile lile. Nesi aliyekuja kupima alikuwa kijana, akafunga kitambaa, pampu ikaanza kulia. Nikausikia mwili ukitaka kuisikiliza. Nikabana midomo kidogo, nikatoa hewa.

"Mzee, unapuliza nini?"

Sikumjibu, kwa sababu kuongea nako kunapandisha. Alipomaliza nikamwambia, "Nanywesha ng'ombe." Nadhani alifikiria kumwita daktari wa kitengo kingine.

"Mia na arobaini na sita, kwa themanini na nane," akasema.

Wakaniingiza chumba cha upasuaji. Juu ya jicho palikuwa na mwanga mkubwa mweupe, na kitambaa usoni, na mikono ya mtu ikifanya kazi nisiyoisikia. Niliambiwa nisitikisike. Nikatoa pumzi moja, na nyingine, bila sauti, hadi waliposema basi.

Waliponitoa na jicho limefunikwa, nilisukumwa kwenye kiti cha magurudumu kupitia korido. Kwa mbali nikasikia sauti fulani. Ilikuwa hewa zaidi kuliko mluzi, inavuja pembeni, inakatika katikati na kuanza upya. Mchungaji yeyote angemnyang'anya fimbo mtu anayepiga hivyo. Kiti kikasimama karibu nayo.

"Mama Milembe," nikasema, "ndani ya nyumba?"

"Nyamaza," akasema. "Ulichelewa kutoka." Akanishika mkono, na wake ulikuwa wa baridi kama maji ya Iringa. "Nimewanywesha wote, na bado ulikuwa hujatoka."

Nikakishika kiganja chake katikati ya vyangu viwili, vilivyokuwa na joto. "Anza tena," nikamwambia. "Polepole. Usiwaharakishe."